Deni la Paka: Historia ya Kinga Iliyochelewa

Jua linapoegemea magharibi na mashua za wavuvi zikaingia dikoni Lamu, paka huwa wamekwisha kujipanga ukutani kabla ya mnunuzi wa kwanza kufika. Mchuuzi huparua magamba, hupasua tumbo la samaki, na kitokacho humo hutupwa chini pasi na kuulizwa. Kila paka hupata fungu lake, kisha hurejea kichochoroni kwake. Mgeni akiuliza, "Huyu paka wa nani?", jibu aghalabu huwa moja: "Wa mtaa."

Jibu hilo ni la ukarimu, lakini ndani yake mna swali ambalo halijajibiwa bado. Paka wa mtaa hulishwa na mtaa. Je, akiugua, mgonjwa huyo ni wa nani? Na kabla hajaugua, ni nani wa kumkinga? Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa. Methali hiyo ilimpa paka haki ya kukaa, asifukuzwe wala asitupiwe kiatu. Haki ya kukingwa na maradhi haikumpa, kwa kuwa zama hizo hapakuwa na aliyedhani kwamba paka aweza kukingwa. Hata hivyo, paka mwenyewe alikuwa amewakinga watu kwa maelfu ya miaka. Historia ya afya ya paka, ikisomwa vizuri, ni historia ya deni.

Deni hilo lilianzia ghalani. Binadamu alipoanza kulima na kuweka nafaka, panya walimfuata, na paka mwitu wa Mashariki ya Kati na Afrika ya Kaskazini akawafuata panya. Hakukamatwa kama ng'ombe wala hakufungwa kama punda. Alikuja kwa miguu yake kwa sababu palikuwa na riziki. Mwaka 2004 wachimbuzi wa mambo ya kale walitangaza kwamba katika kisiwa cha Saiprasi wamepata kaburi la mtu lenye umri wa miaka ipatayo 9,500, na kando yake mifupa ya paka aliyezikwa kwa uangalifu. Saiprasi haikuwa na paka wa asili. Paka yule, au wazee wake, alivushwa bahari chomboni. Hivyo mmoja katika paka wa kale kabisa wanaojulikana kuzikwa pamoja na binadamu alikuwa paka wa kisiwani.

Tangu hapo paka hakuachana na bahari. Huko Berenike, bandari ya kale ya Misri kwenye Bahari ya Shamu, ambako merikebu zilikuwa zikitia nanga zikitoka Bahari ya Hindi, yamechimbuliwa makaburi ya wanyama wa karne ya kwanza na ya pili baada ya Isa. Wanyama karibu 600 walizikwa pale, na wengi wao mno ni paka. Baadhi yao walivishwa ukosi wa chuma au mkufu wa shanga. Hawakuwa kafara wala hawakukaushwa kama paka wa mahekalu ya mafirauni. Walikuwa wanyama wa watu, waliopendwa na watu, katika bandari iliyojaa pilipili, vitambaa na mabaharia.

Kwenye bahari hiyo hiyo, upande wa kusini, panya weusi nao walisafiri na shehena. Mifupa yao imeonekana katika machimbo ya Unguja Ukuu, mji wa kale uliofanya biashara na nchi za mbali kabla Mji Mkongwe haujawa mji. Palipo na panya mgeni, paka mgeni hakosekani. Mwaka 2020 ulichapishwa uchunguzi wa nasaba za paka wanaoishi msituni Bukini, ambao wenyeji walikuwa wamekaa nao siku zote bila ya wataalamu kujua asili yao. Damu yao ilionyesha udugu na paka wa Oman na Kuwait, na pia na paka wa Lamu na Pate. Maana yake ni nyepesi kwa yeyote aliyekulia pwani: paka hao walipanda majahazi. Nahodha aliyebeba tende, mchele na magunia ya nafaka alikuwa na sababu ya kumbeba na mlinzi wake.

Ulinzi huo ulikuja kupewa jina la kitaalamu wakati wa tauni. Mwaka 1894, huko Hong Kong, Alexandre Yersin alikitambua kijidudu cha ugonjwa huo. Mwaka 1896 tauni iliingia Bombay, na mwaka 1898, mjini Karachi, Paul-Louis Simond alionyesha kwamba kiroboto wa panya ndiye mchukuzi wake. Bandari za Bahari ya Hindi zilikuwa jirani mmoja. Kilichoshuka Bombay kiliweza kushuka popote. Nairobi ilifikiwa mwaka 1902, na soko lake la Wahindi likachomwa moto kwa amri ya serikali. Zanzibar nayo iliingiwa na tauni mwaka 1905. Katika hofu hiyo, mwaka 1908, daktari Mwingereza aliyefanya kazi India, Andrew Buchanan, aliandika katika jarida la British Medical Journal kwamba vijiji vyenye paka wengi vilikuwa vikisalimika zaidi, akashauri paka wafugwe kwa wingi kuwa kinga ya tauni.

Haikuwa kinga kamili. Paka naye hupatwa na tauni, na akipatwa aweza kumwambukiza mtu anayemuuguza. Lakini jambo la kuangaliwa ni namna hoja ile ilivyopangwa. Paka alihesabiwa kama dawa. Aliwekwa katika fungu moja na mitego na sumu za panya, na hakuna aliyeuliza dawa hiyo ikiugua itibiwe na nani.

Si kwamba paka hakuhurumiwa. Katika ulimwengu wa Kiislamu, ambao pwani ya Waswahili ni sehemu yake, huruma hiyo ina mizizi mirefu. Ipo hadithi mashuhuri ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila ya kumlisha wala kumwachia ajitafutie. Ipo habari ya Abu Qatada aliyekiinamisha chombo cha maji yake ya udhu ili paka anywe, na mafakihi wakajengea hapo hukumu kwamba maji aliyoyanywa paka hayanajisiki, kwa kuwa yeye ni miongoni mwa wazungukao majumbani. Na katika ushairi, Ibn al-Allaf wa Baghdad, aliyefariki karibu na mwaka 930, aliacha marsiya ya paka wake aliyezoea kuingia katika banda la njiwa la majirani mpaka wakamuua. Wapo waliosema kuwa mshairi alimficha mwanamfalme aliyeuawa nyuma ya jina la paka. Iwe ni hivyo au sivyo, hila hiyo isingewezekana katika nchi ambamo kumlilia paka ni kichekesho.

Cairo ilivuka zaidi ya huruma ya mtu mmoja mmoja. Sultani Baybars, aliyetawala baina ya mwaka 1260 na 1277, alitoa bustani karibu na msikiti wake iwe wakfu wa kuwalisha paka wasio na wenyewe. Karne nyingi baadaye, Edward Lane, Mwingereza aliyeishi Cairo katika miaka ya 1820 na 1830, aliandika kuwa bustani ile ilikuwa imekwisha kuuzwa mara nyingi, lakini wajibu wake haukufa: kadhi ndiye aliyekuwa akiubeba, na kila siku baada ya alasiri mabaki ya nyama yaliletwa katika uwa wa mahakama, paka wakaitwa wakala. Habari hiyo ina funzo lipitalo mapenzi ya wanyama. Kwa wakfu, kiumbe asiye na mwenyewe alipatiwa mwenyewe wa kisheria, asiyekufa wala asiyechoka.

Hata hivyo wakfu wa Cairo ulikuwa wa chakula. Ulizuia njaa; maradhi haukuyazuia, kwa sababu elimu ya kuyazuia ilikuwa bado haijazaliwa, na ilipozaliwa haikuanza na paka. Chuo cha kwanza cha tiba ya wanyama kiliasisiwa Lyon, Ufaransa, mwaka 1761 na Claude Bourgelat, mtu wa farasi, katika zama ambazo sotoka ilikuwa ikifyeka ng'ombe wa Ulaya. Cha London kilifuata mwaka 1791, nacho kilimtazama farasi kwanza. Farasi alivuta mizinga na magari. Ng'ombe alikuwa mali. Paka hakuwa na bei sokoni, na kisicho na bei hakikuitiwa daktari. Hata karne ya 20 ilipokuwa imesonga, daktari aliyejitolea kwa paka peke yao alikuwa ajabu. Louis Camuti, aliyepita nyumba kwa nyumba mjini New York akiwatibu mpaka alipofariki mwaka 1981, alipata umaarufu kwa sababu hiyo hasa.

Maradhi yaliyomleta paka maabarani yalikuwa yale yaliyokuwa yakimaliza watoto wake. Wafugaji walilijua pigo hilo kwa macho: paka wadogo wachangamfu jioni, asubuhi wamejikunja, wanatapika na kuharisha, wakiinamia chombo cha maji pasi na kunywa, baada ya siku chache zizi zima limekwisha. Wengi walidhani ni sumu. Mwaka 1928, nchini Ufaransa, Verge na Cristoforoni walionyesha kwamba kisababishi ni kirusi. Ugonjwa huo, panlukopenia, hushambulia utumbo na uboho wa mifupa, chembe nyeupe za damu zikaisha mwilini, mnyama akabaki bila ya askari. Kirusi chake kina ustahimilivu wa kutisha. Hukaa sakafuni, katika matandiko na katika nyufa kwa miezi mingi, kikimngoja mwana wa paka mwingine. Chanjo za mwanzo za miaka ya 1930 zilitengenezwa kwa viungo vya paka wagonjwa, kirusi kikiwa kimeuawa kwa dawa. Mwaka 1964 R. H. Johnson, Mwingereza, alifaulu kukiotesha kirusi cha aina hiyo maabarani, naye alikitoa kwa chui. Mkubwa wa ukoo alimfungulia mdogo mlango, maana kirusi kikisha kuoteshwa, chanjo nyingi na bora huwezekana.

Mwaka huo huo wa 1964, huko Glasgow, William Jarrett alitambua kirusi kinachosababisha saratani ya damu kwa paka. Aliongozwa na jambo lililokuwa likionekana dhahiri: saratani ile ilijikusanya katika nyumba moja, paka huyu baada ya yule, kama mambo yaambukizayo. Chanjo yake ya kwanza ilitoka Marekani mwaka 1985. Mwaka uliofuata, huko California, Niels Pedersen na wenzake wakatambua kirusi kingine, kinachopunguza kinga ya mwili wa paka kama UKIMWI upunguzavyo ya binadamu. Hakimwambukizi mtu. Huenea zaidi kwa meno, mashume wanapopigana, na habari hiyo moja ilitosha kuonyesha kwamba kumhasi paka si suala la idadi tu. Shume aliyehasiwa hupigana kidogo, hutangatanga kidogo, na huumwa kidogo.

Miaka hiyo ilifundisha pia kwamba paka si mbwa mdogo. Mwaka 1987 ilidhihirika kuwa paka wengi walikuwa wakifa kwa moyo uliolegea kwa sababu chakula cha viwandani kilikuwa na upungufu wa taurini, kitu ambacho mwili wa mbwa hujitengenezea lakini wa paka hauwezi kukitengeneza kwa kutosha, chakula kikarekebishwa. Dawa ya viroboto yenye permetrini, isiyomdhuru mbwa, huweza kumuua paka, na kidonge kimoja cha parasetamoli, kilichotolewa kwa huruma, chatosha kumuua pia. Kinga nayo ilipaswa kujikosoa. Mwaka 1991 wataalamu wa Marekani waliripoti uvimbe wa saratani ulioota kwa paka wachache pale walipochomwa sindano. Hawakuiacha chanjo, kwa kuwa ilikwisha kuokoa wengi kupita kiasi. Walibadili mahali pa kuchoma na wakaacha kuchoma bila ya haja. Siku hizi mwongozo wa kimataifa wasema mtoto wa paka aanze kuchanjwa akiwa na wiki 6 hadi 8, arudiwe kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka afikie wiki 16 au zaidi, kisha arudiwe tena kabla ya kutimiza mwaka au atimizapo. Marudio hayo si kwa sababu dawa ni dhaifu. Mama humpa mwanawe askari katika dang'a, na askari hao hao huizima chanjo. Hakuna ajuaye siku watakayoondoka, basi mlango hubishwa mara kadhaa ili mmojawapo wa mibisho ukute umefunguka. Baada ya hapo, kwa panlukopenia, miaka 3 yaweza kupita bila ya sindano.

Kiswahili hakikuhangaika kulipokea jambo hili. Kuchanja ni kukata kidogo, na mganga alichanja chale akapaka dawa muda mrefu kabla ya sindano ya hospitali. Ilipokuja kinga ya ndui, neno lilikuwa tayari. Kago na zindiko nayo ni maneno ya kinga itanguliayo shari. Aliyezindika nyumba kabla ya kuhamia hakuwa mgeni wa wazo kwamba ubaya huzuiwa ukiwa bado njiani.

Lakini lugha hiyo hiyo imeficha jambo moja. Maradhi ya kutisha kuliko yote ayachukuayo paka huitwa kichaa cha mbwa. Jina ni la haki, kwa maana mbwa ndiye ayadumishaye na ndiye amuambukizaye binadamu mara nyingi zaidi. Lakini paka aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa hupata kichaa naye, na makucha na meno yake yana njia ya karibu kuliko ya mbwa yeyote, kwani hulala mkekani pamoja na watoto. Louis Pasteur alimchanja mtoto Joseph Meister mwaka 1885, na tangu hapo mtu aliyeumwa ana wokovu akiwahi. Dalili zikisha kuonekana, wokovu haupo, wala kwa mtu wala kwa mnyama. Hapa methali ya ufa na ukuta haitoshi, kwa kuwa ukuta wenyewe haujengeki tena.

Kwamba visiwa vyaweza kujikinga, Pemba imeshuhudia. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2023 waeleza jinsi kampeni za kuchanja mbwa zilivyouondoa ugonjwa huo kisiwani humo ifikapo mwaka 2014. Kampeni zikalegea. Mwaka 2016 kichaa kikavuka bahari kikarudi. Watu walipojikusanya upya na kuchanja kwa mpango, kikatokomezwa tena mwaka 2018. Kisa hicho ni cha mbwa, lakini sheria yake ni ya kila kinga. Bahari ni ukuta mzuri ikiwa walio ndani hawasinzii. Chanjo haina mwisho kama sherehe. Ina msimu, kama kilimo.

Hapo ndipo swali la dikoni linaporejea. Kinga, tofauti na chakula, huhitaji mwenyewe. Kichwa cha samaki hutupwa na yeyote, lakini sindano ya pili ya wiki ya 12 hudai mtu akumbukaye ya kwanza. Paka wa nyumba mjini Paris au New York ana mtu huyo. Paka wa mtaa hana. Ndiyo maana katika miaka ya 1970, Uingereza na Denmark, paka wasio na wenyewe walianza kunaswa, kuhasiwa na kurudishwa walikotoka, ncha ya sikio moja ikikatwa iwe alama. Mbinu hiyo imeenea duniani, na paka wa Lamu na wa Unguja nao wamefikiwa na kampeni za kuhasi na kuchanja, aghalabu kwa nguvu za mashirika ya hisani. Sababu ya kuhasi ni hesabu tupu: jike huweza kushika mimba akiwa na miezi 4 au 5, hubeba kwa siku zipatazo 65, na huzaa wanne kwa pamoja. Anayelisha bila ya kuhasi huongeza njaa ya kesho kwa ukarimu wa leo, na katika wingi huo panlukopenia hupata vitoto visivyo na kinga kila msimu.

Kampeni, hata hivyo, huja na kuondoka, kama ile ya Pemba iliyolegea. Kilichokuwa cha kudumu katika historia yote hii ni ule uwa wa mahakama ya Cairo, ambapo bustani ilikwisha kuuzwa lakini paka waliendelea kuitwa. Miji ya pwani inajua wakfu ni nini. Misikiti yake, visima vyake na minazi iliyotoa mafuta ya taa za ibada ilidumishwa hivyo, kwa mali ndogo iliyofungwa na nia kubwa. Mtaa unaojibu "wa mtaa" paka akiulizwa umekwisha kutamka nusu ya wakfu. Nusu iliyobaki ni daftari la chanjo, dawa ya minyoo, na mtu mmoja aliyekabidhiwa kukumbuka tarehe.

Jioni bado huingia, na mashua bado hutia nanga. Paka walio ukutani ni wajukuu wa wale waliopanda majahazi kwenda Bukini, na wengine wao, kwa macho makali ya anayeangalia, wana sikio lililokatwa ncha. Alama hiyo ni ndogo, haizidi ukucha. Ni risiti ya malipo ya kwanza.